Msabah bin Ubwa, Aliyedaiwa Makaburini

Milioni mbili na laki nne, ndivyo alivyosema Bwana Zahran juzi kule makaburini Mwanakwerekwe, na alisema kwa sauti ya dalali, udongo wa kaburi la ndugu yangu bado mbichi, mimi nshauliza kama wanavyouliza watu wote, kwamba mwenye kumdai marehemu aje anione mimi Gharib, na maana ya kuja kuniona kila mtu wa mji huu anaijua, ni kuja nyumbani, kupiga hodi, kukaa kitako na kusema taratibu, si kusimama kati ya makaburi ya watu ukapaza sauti kama unayenadi papa sokoni Darajani.

Tangu juzi nasikia minong'ono humu humu matangani, huyu anasema deni ni deni, yule anasema kumbe injinia alikuwa hivi, na Ami Ame, ndugu wa baba yetu, alinishika mkono akanambia, "Gharib mwanangu, lipeni mumalize, hii fedheha," nami nikamjibu, "Ami, fedheha ishaingia ndani, sasa inataka kutolewa." Kwa hiyo historia hii niliyotakiwa na familia niisome leo Ijumaa, tarehe 16 Aprili 2004, siku ya kuanua matanga, nitaisoma yote pamoja na hizo milioni mbili na laki nne, maana na zenyewe zimo katika maisha yake, na Bwana Zahran nnamwona kakaa pale karibu na mlango, namuomba asitoke. Mimi sikusoma, redio nilijifunza kwa kuzifungua na kuziharibu, mwenye kutaka maneno ya sukari asubiri chai.

Marehemu Msabah bin Ubwa alizaliwa Kikwajuni, mjini Unguja, tarehe 3 Machi 1962, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Ubwa, seremala, na Bi Time, wote wametangulia mbele ya haki, na tangu mdogo alikuwa mbishi, mbishi khasa, ukimwambia jua limekuchwa anatoka nje kuangalia. Alisoma skuli ya msingi na ya sekondari hapa hapa mjini, akamaliza mwaka 1980, akaajiriwa fundi wa simu, akipanda nguzo na kushuka, mpaka mwezi wa Septemba 1985 alipopata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani Mashariki, na siku ile anaondoka baba alimpa koti lake la harusi kwa sababu ya baridi, mikono ya koti lenyewe ilimfika kwenye viwiko, akalivaa hivyo hivyo mpaka kwenye ndege.

Kule alisomea mawasiliano ya reli, jambo lililochekesha watu wengi, na wengine wao wamo humu leo wanakula halua ya matanga, walisema mtoto wa Ubwa kapelekwa Ulaya kusomea gari moshi naye anatoka kisiwa ambacho reli yake ya Bububu iling'olewa hata wazee wetu hawajaoa. Aliporudi mwezi wa Julai 1990 na shahada yake, akipita barazani pa kahawa wanamwita, "Stesheni masta, gari la saa ngapi leo?" naye hakuwahi kununa, akiwajibu, "Lishaondoka, nyinyi mlikuwa mnakunywa kahawa."

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alianza kazi bara, katika karakana ya reli, akafanya kazi huko miaka tisa, na kazi yake nitaieleza kwa sababu ndiyo iliyomletea maneno. Mabehewa ya zamani yana waya unaopitisha sauti tu, mlinzi wa treni anasema nyuma, dereva anasikia mbele, basi. Mabehewa mapya, yaliyonunuliwa nchi nyengine, yana mtandao wa namna yake, ndani ya waya mmoja inapita sauti, inapita amri ya taa na ya milango, inapita na kengele ya hatari, vyote kwa tarakimu, na ukiyafunga ya zamani na mapya katika treni moja yanavutana kwa vyuma lakini hayasemezani, abiria wa behewa jipya anaweza kuvuta kengele kwa sababu mtoto kaanguka au kiti kinawaka, na dereva aliyekaa katika kichwa cha zamani akawa anaimba zake. Msabah hakulala kwa jambo hili, alitaka kutengeneza kisanduku cha kukaa baina ya mitandao miwili, kipokee khabari ya upande huu na kuipeleka upande wa pili kwa namna upande ule unavyoielewa, na nilipomuuliza kwa nini wasinunue tu mabehewa yote ya namna moja alinitazama kama anavyotazamwa tajiri anayeuliza kwa nini maskini hali nyama.

Tarehe 14 Agosti 1992 alimuoa Bi Khawla binti Talal wa Malindi, ambaye jamaa zake walisema maneno mengi kuhusu kumpa binti yao mtoto wa seremala, sitayarudia kwa kuwa wenyewe wanayakumbuka, na Bi Khawla aliwajibu kwa kukaa naye karibu miaka kumi na mbili bila ya kurudi kwao hata siku moja kwa hasira. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Masoud aliyezaliwa mwaka 1993, Badriya mwaka 1996, na Rawiya mwaka 2000, huyu mdogo ndiye aliyekuwa akimlalia kifuani wakati wa maradhi.

Mwaka 1999 wafanyakazi walipunguzwa, na yeye akiwemo, akarudi Unguja na sanduku la vyombo vyake vya kazi, nikampa chumba nyuma ya duka langu Mlandege. Mchana alikuwa akenda Kiwengwa kutengeneza simu za mahoteli, huko ndiko alikopata chakula cha watoto, na jioni anakaa chumbani na kile kisanduku chake, mimi mbele natengeneza redio, yeye nyuma anatukana kwa Kijerumani.

Sasa nafika pa Bwana Zahran. Mwezi wa Mei 2001 Bwana Zahran, mfanyabiashara wa Mlandege, mnayemjua nyote, alikuja dukani na khabari kwamba kapata zabuni ya kampuni moja ya bara inayokarabati mabehewa, wanataka kifaa cha kuunganisha mitandao ya mabehewa ya zamani na mapya, akamwambia Msabah mbele yangu, "Injinia, wewe tengeneza, mimi nalipa," akatoa milioni mbili na laki nne za vifaa na za kazi, Msabah akazipokea mbele yangu, hilo sikatai, na mtu wangu hakukataa hata siku moja, vifaa viliagizwa Dubai, kisanduku kikatengenezwa, na mwezi wa Februari 2002 tukavuka watu watatu, Bwana Zahran, Msabah na mimi, kwenda kukijaribu.

Tulipewa kichwa cha zamani na mabehewa mawili, moja la zamani na moja jipya, katika uwanja wa karakana, mimi nikakaa mbele kwa dereva, Bwana Zahran akapewa kipaza sauti nyuma awe kama mlinzi wa treni, akafurahi nacho, akawasalimu abiria wasiokuwepo, akawataja mpaka mawaziri, na sauti ilifika mbele safi kama ya redio. Msabah akavuta kengele ya hatari katika behewa jipya wakati Zahran anaendelea kusalimu, na mimi mbele sikuona taa, sikusikia kitu, mpaka Bwana Zahran alipokwisha maneno yake ndipo kengele ikalia. Wakarudia, ikawa vile vile, kila sauti inapopita kengele inangoja nyuma yake.

Bwana Zahran akasema, "Si imelia?"

Msabah akamwambia, "Imelia ulipomaliza kusema."

"Sasa si imelia, bwana."

"Moto haungoji mtu amalize kusalimu, Zahran. Nipe miezi mitatu, kengele lazima ipite mwanzo, hata kama mtu anasema."

"Miezi mitatu zabuni ishakwenda kwa Mhindi. Wewe tia saini kwamba umekijaribu na kinafanya kazi, tukale, nna njaa."

Msabah hakutia saini, akakichomoa kisanduku akakipakata mpaka bandarini, na ndani ya boti watu hawa wawili hawakusemezana, mimi nikakaa kati nikawa ndiye mtandao wao, huyu ananambia mwambie, yule ananambia mjibu, na nilikuwa mwembamba wakati ule, kila mmoja akinisukuma kwa bega.

Wiki ya pili yake, siku ya Jumatatu, mimi nimekwenda msikitini kusali Adhuhuri na Msabah yuko Kiwengwa, Bwana Zahran aliingia dukani kwangu akakichukua kisanduku, na nilipomfuata kwake na kumuuliza alinijibu mbele ya wafanyakazi wake, nao wapo, "Nimekilipia, ni mali yangu." Neno hilo nililipeleka kwa Msabah kama lilivyo, na Msabah akasema, kama anasema ni mali yake basi hanidai, lakini aniahidi hatakitia katika gari moshi la abiria. Bwana Zahran hakuahidi kitu. Saini ilitoka kwa mtu mwengine asiyewahi kukiona, kisanduku kiliuzwa, kikafungwa katika treni ya abiria, na wenzake Msabah wa zamani waliomo humu leo, waliovuka na boti kuja kumzika, wamenambia juzi kwamba mpaka sasa kimo, kinafanya kazi, na mlinzi wa treni ile ni mtu mwenye maneno mengi.

Mwezi wa Juni 2003 Msabah alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikaonekana ni figo, akalazwa hapa mjini mara tatu na bara mara moja, na maradhi yale hayakumnyamazisha, aliandika barua kwa ile kampuni, aliwapigia simu, wakamjibu kwamba kifaa kina saini ya mtaalamu na yeye si mtu wao. Jumanne usiku alituomba mimi na Bi Khawla tukae karibu, hakuuliza khabari ya watoto kwa kuwa alijua wako mikononi mwetu, alisema tu, "Gharib, kile kitoke garini," na alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Aprili 2004, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arubaini na miwili, akazikwa baada ya sala ya Alasiri, na huko kaburini ndiko alikodaiwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa upole ingawa alikuwa akiwauliza maswali kuliko wao walivyomuuliza yeye, nawashukuru majirani wa Kikwajuni kwa maji, kwa vyungu na kwa mikeka, nawashukuru watu wa hoteli ya Kiwengwa walioleta gari bila ya kuombwa, nawashukuru wenzake wa reli waliovuka bahari inayochafuka, wengine wao wakatapika njia nzima, na nawashukuru wote waliochukua jeneza, hata wale waliokuwa wakimwita stesheni masta. Bwana Zahran simshukuru. Ndugu yangu Msabah, Mungu akulaze mahali pema, ukae kwa raha, ubishi huku niachie mimi.

Na kwa kuwa roho ya mtu hufungika kwa deni lake, nasema mbele yenu wote, na Ami Ame awe shahidi, hizo milioni mbili na laki nne nazichukua shingoni mwangu tangu dakika hii, Msabah hadaiwi na mtu, anayedaiwa ni mimi Gharib bin Ubwa, niliye hai na nnaye mdomo. Sibishani tena kama ni deni au si deni. Bwana Zahran, ulinambia kisanduku ni chako kwa sababu ulikilipia, na juzi ukasema fedha ulizolipa ni deni, viwili hivyo haviwi vyako pamoja, na wewe ni mfanyabiashara, hili hufundishwi na fundi redio. Ukitaka fedha, kisanduku ni chetu, kakitoe garini ukirudishe. Fedha zako nshaziweka, nimeuza mashine zangu mbili na pikipiki, zipo dukani Mlandege na Bi Khawla anajua zilipo. Mkeka wa matanga haya hauanuliwi leo, nitakaa juu yake mpaka utakaporudi kutoka bara.

Lete kisanduku, uchukue fedha zako.