Ilaitia Koroidua na Gia Zilizolia Siku za Sulu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, fundi Ilaitia Koroidua anaweka spana chini baada ya miaka thelathini na sita katika karakana ya ushirika wetu wa wakulima wa miwa hapa Labasa. Aliingia mwaka 1989 akiwa na nywele nyingi na viatu vibovu. Anatoka na viatu vizuri.

Ukimletea gari linalosaga gia, hakuruhusu uanze kueleza. "Wewe nyamaza," atakwambia, "gari linaongea." Huzima redio, akafukuza kuku wa mama muuza roti, akainama kwenye boneti injini ikinguruma na gia ikiwa huru. Kelele zikisikika klachi ikiwa imeachiwa, na ukikanyaga zikaisha, basi ni beringi ya ndani ya giaboksi. Zikianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Na kama gari limetulia kote kuwili, likakwaruza tu wakati gia inaingia, humtazama dereva kuanzia kichwani mpaka miguuni, maana mara nyingi ugonjwa uko hapo. Mchungaji mmoja aliyekuja na gari la kuombewa aliambiwa halina pepo, limepungukiwa oili.

Mwaka 2004 kelele hizo nusura zinitoe kazini mimi ninayeandika haya. Nilikuwa dereva wa pikapu nyeupe ya meneja wetu, Bwana Aminiasi Bale. Asubuhi niliiendesha mimi, mchana aliichukua mwenyewe kwenda mashambani, na kila akirudi alilalamika kwamba gia zinasaga kama zimetiwa kokoto. Kwangu hazikulia hata mara moja, na hilo likazidi kunitia hatiani. "Pillay anaua gari," alisema, "halafu mbele yangu anajifanya malaika." Giaboksi ilishushwa mara mbili, meno yote mazima. Kamati ikatoa siku kumi iandikiwe jina la mkosaji, afukuzwe au aonywe, na jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa langu. Nilikuwa na mabinti wawili wadogo. Usingizi ulinipaa.

Ilaitia hakuishusha giaboksi mara ya tatu. Alikaa kivulini mwa tangi la maji wiki nzima, akitazama. Akagundua kwamba Ijumaa, meneja akija na suruali na shati la maua, gari lilikuwa kimya. Siku nyingine nne alivaa sulu ya ofisini, ile sketi ya kiume ya hapa Fiji, mpya, iliyoshonwa ikambana mpaka magotini, na tangu apandishwe cheo mwili nao ulikuwa umeongezeka. Mguu wa kushoto ulifika nusu ya safari, nguo ikaukatalia. Klachi iliyokanyagwa nusu haikati nguvu ya injini, na gia haziwezi kuingia kwa amani.

Nani amfunge paka kengele? Mimi nisingethubutu. Lakini kijiji cha Ilaitia na cha Bwana Bale ni watani tangu enzi za mababu, na mtani halaumiwi. Kazi ilipokwisha, tumezunguka bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, Ilaitia akampokeza kifuu chake na kumwambia: "Kunywa, mla popo wewe! Giaboksi haina kosa. Hiyo sulu ipeleke kwa fundi cherehani ailegeze, la sivyo tutaikata sisi hapa kwa msumeno wa chuma." Bwana Bale alinuna kidogo, kisha akacheka mpaka kava ikamtoka puani. Siku ya pili yake sulu ilikuwa na mpasuo mrefu, na pikapu ikatulia.

Ila utani huishia kwenye bakuli. Kamati ilitaka jina kwenye karatasi, na meneja aliona haya kuandika kwamba ameshindwa na nguo yake mwenyewe. Siku ya kumi nilikwenda kazini nimeshafunga virago. Nikakuta ripoti ya meneja imekwisha kupelekwa, na jina Ilaitia alikuwa amelitoa mwenyewe: klachi haikurekebishwa sawasawa, mkosaji ni fundi I. Koroidua. Akapata barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote, na ukuu wa karakana, ambao kila mtu alijua ni wake mwaka ule, akapewa mwingine. Nilipomfuata kumshukuru, machozi yananitoka, alinifukuza. "Toka hapa, Pillay, unanimwagia maji kwenye oili."

Ukuu huo aliusubiri miaka tisa. Hakunikumbusha hata siku moja, na mimi niliona aibu kila nilipomkuta amelala chini ya gari.

Bwana Bale, ambaye naye amestaafu, ndiye aliyetaka haya yaandikwe. Ameomba tu isemwe kwamba sulu ilikuwa nzuri. Kweli, ilikuwa nzuri.

Kaka Ilaitia, mabinti zangu wamesoma kwa usukani ulioniachia, na wote wawili watakuwepo kukupa mkono. Asante. Nenda kwenye magimbi yako ukiwa na afya, na wajukuu wakuchoshe. Kabla hujaondoka, faili lako limesafishwa: Bwana Bale ameiandika upya ile ripoti kwa mkono wake, na pale penye jina la mkosaji ameweka la kwake. Ataisoma mwenyewe Ijumaa, mbele ya watu wote, amesimama.

Vijendra Pillay, dereva