Jiwe la Birika

Kijiwe cha Redio kina benchi moja la gogo, kibanda cha mabua ya mtama, na birika la chai ya kijani juu ya jiko la makaa. Jiko lenyewe limepandishwa juu ya jiwe kubwa, jeusi tii kwa masizi. Chai hapo hunywewa mara tatu: ya kwanza chungu, ya pili afadhali, ya tatu tamu, na anayeinuka kabla ya hiyo tamu huhesabiwa ametukana wenzake. Njobbo alikuwa kwenye ncha ya benchi asubuhi ile, na hata ile chungu haikumshuka. Ng'ombe wake arobaini walikuwa wamesimama nyuma ya kibanda siku ya tatu, wakiramba vumbi. Mvua ya kwanza ilishanyesha. Mtama ukichomoza na ng'ombe wakiwa bado hapa, hapatakuwa na amani, na kaskazini kwenye majani mabichi hapafikiki ila kwa njia ya mifugo. Mwaka huu njia hiyo ilikuwa imeishia katikati ya shamba jipya la Seyni.

Seyni naye alikuwa pale pale, amekaa bega kwa bega na Njobbo, akisubiri glasi yake.

— Sina ugomvi na wewe, ndugu yangu. Kamati ilisema tulime mpaka kwenye mawe yaliyopakwa rangi nyekundu kando ya njia ya mifugo. Upande wa juu nimeliona jiwe, nikaliheshimu. Upande wa huku sikuona kitu, nikalima. Nimepanda juzi.

— Jiwe lilikuwepo, Seyni.

— Basi nionyeshe. Mimi nafuata jiwe, sifuati maneno.

Redio, ambaye hulala na redio sikioni na huamka anajua kila kitu, alisema jiwe limeliwa na upepo wa kiangazi. Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, alimcheka. Upepo gani unaokula jiwe lenye uzito wa ndama? Lile jiwe, alieleza, lilikuwa na dhahabu ndani, na wageni wamelichukua kwa gari.

— Gari gani, Waziri? Hapa tangu Ramadhani imepita pikipiki moja.

— Ndiyo hiyo hiyo.

Redio hakukubali kushindwa. Alisema basi ni setilaiti. Huko juu wamechora ramani upya, na kila kisichokuwa kwenye ramani kinafutika chini. Waziri akasema afadhali hivyo, maana yeye ana habari kwamba ardhi yenyewe inatambaa, na miaka kumi ijayo kijiwe hiki kitakuwa baharini. Seyni alicheka mpaka akapaliwa. Njobbo alijaribu kucheka, lakini Oole, ng'ombe wake kiongozi, alilia nyuma ya kibanda, na moyo ukamwuma.

Glasi ya pili ilikuwa inazunguka alipofika Mama Takko na kibuyu chake cha maziwa kichwani. Hajawahi kukaa kijiweni hapo. Anasema wanaume wa hapo wanamchosha. Alitua kibuyu, akainama kuwasha kijinga cha moto kwenye makaa yao, akabaki ameinama vile vile.

— Hili jiwe la jiko mlilitoa wapi?

Redio alimtazama Waziri. Waziri alitazama birika.

Njobbo alihisi masikio yanawaka moto. Wakati wa kiangazi upepo ulimwaga chai mara mbili, na ni yeye aliyekwenda na punda akaleta jiwe, lililokuwa limelala kifudifudi kando ya njia, rangi haionekani. Wote walimsifu siku ile. Aliinama, akafuta masizi kwa ncha ya kanzu. Rangi nyekundu ikatokea.

— Ni mimi, alisema. Nililileta mimi, kwa mikono yangu, ili chai isimwagike.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Seyni aliweka glasi chini, akashusha birika, akashusha jiko.

— Shika upande huo, Njobbo, tulirudishe mahali pake. Nimesema nafuata jiwe.

— Na mbegu zako?

— Mbegu za ukanda mmoja. Nitapanda kwingine. Shika, bado la moto, tumia kanzu.

— Na ile tamu? Redio aliuliza nyuma yao, birika mkononi.

Hawakugeuka. Oole alikuwa ameshatangulia.