Winthrop Alleyne, Kondakta wa Nje na wa Ndani

Winthrop Carlisle Alleyne alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Speightstown, Barbados, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo. Alisoma hapo hapo hadi kidato cha tano. Mwaka 1967 alimfuata dada yake Brooklyn, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa kondakta wa treni za chini ya ardhi.

Alianzia kwenye mabehewa ya miaka ya thelathini, yenye feni darini na viti vya kusuka. Humo kondakta hakuwa na chumba. Ili kufungua milango alisimama nje, mguu mmoja kwenye behewa hili na mwingine kwenye lile, mikono yote miwili kwenye swichi. Ndiko alikompata mkewe. Januari 1970 muuguzi Verna Gittens alimwonea huruma, akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, ingia ndani, utaganda!"

"Nikiingia, dada, milango utafungua wewe?"

"Kwa mshahara wako? Sithubutu."

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa mabinti wawili, Marva na Yolande.

Mabehewa yaliyofuata yalimwingiza ndani: chumba chake, dirisha lake, swichi mbele ya kifua. Baadaye ikaja amri kwamba treni ikisimama, kabla ya kufungua milango, kondakta anyooshe kidole kwenye ubao wa mistari uliotundikwa katikati ya kituo, kuthibitisha kwamba treni imesimama mahali pake. Marehemu alikinyoosha miaka mingi, hadi mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Jumapili tarehe 14 Desemba 2008 alihudumu kwenye treni ya ukumbusho, mabehewa yale yale ya ujana wake. Verna alipanda naye. Kituoni treni ilisimama. Winthrop, akiwa nje kati ya mabehewa, aliachia mkono wa kulia akaunyooshea ubao. Lakini dereva, Errol Pinder, alikuwa hajafika kwenye alama ya kusimamia, akaisogeza treni mbele kidogo. Winthrop aliteleza, mguu ukazama katikati ya mabehewa. Verna alimdaka kola ya koti kupitia dirishani.

"Verna, usiniachie!"

"Nimekushika! Vuteni breki, jamani! Breki!"

Abiria mmoja akavuta kamba ya breki. Hospitalini mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Kisukari kikazuia kidonda kupona, na kwa miezi yote iliyofuata Verna hakutaka kulisikia jina la Errol. Marehemu hakuchoka kumwambia, "Mama Marva, Errol alifanya kazi yake. Mkono ulioachia ni wangu."

Winthrop alifariki nyumbani, Flatbush, tarehe 3 Aprili 2010.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na dada yake Coralie. Wabebaji wa jeneza ni wakwe zake wawili, makondakta watatu na, wa sita, Errol Pinder. Jina hilo liliongezwa jana, karatasi hii ikienda kuchapwa. Marva alimuuliza mama yake kama ana hakika.

"Mwandikeni," alisema Verna, "kabla sijabadili nia."

Winthrop, pumzika kwa amani uliyoiomba.