Mama Nguzo, Aliyeinua Barabara Juu ya Maji

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Mama Nguzo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kisiwa chetu hiki kidogo, mtoto wa tatu wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, na sekondari ng'ambo, akivuka viatu mkononi kwenye barabara ya tuta iliyofunikwa kila bahari ilipojaa, mpaka mwaka 1983 alipokosa mtihani kwa sababu ya maji, akarudia darasa, kisha akaenda chuo cha ufundi kusomea ujenzi wa barabara na madaraja.

Aliajiriwa idara ya ujenzi mwaka 1989, akafunga ndoa tarehe 6 Juni 1992 na fundi wa injini za boti, shemeji yetu, aliyezoea kututania kwamba mkewe humuuliza bahari imelalaje kabla hajamuuliza yeye. Wakajaliwa mabinti wawili, wa pili akizaliwa mwaka 1997 ndani ya lori la kokoto, katikati ya barabara iliyofurika, mikononi mwa bibi yake.

Tuta lilipokatika kwa dhoruba ya mwaka 2007, wakubwa walitaka lirudishwe vile vile, ila nene zaidi, lakini yeye alisimama kikaoni akasema, "Bahari inazidi kupanda, tukiiziba itabomoa tena, tuinue barabara juu ya nguzo, maji yapite chini," akashikilia hapo hapo, hata ilipobainika kwamba njia mpya ingepita kwenye nyumba ya mama. Alikwenda kumwambia mwenyewe, na mama, aliyekuwa akikunja nguo, akamjibu, "Nimezalisha wangapi kwenye matope yale? Bomoeni." Alisimamia ubomoaji huo akilia mbele ya vibarua, wala kazi hakuisimamisha.

Barabara ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 2012, na kimbunga cha mwaka 2019 kilipong'oa mapaa yetu, yenyewe haikutikisika, magari ya wagonjwa yakapita.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akawa anavuka juu ya nguzo zake kwenda kusafishwa damu, akimsimamisha dereva ili akague nyufa, hadi alipofariki tarehe 9 Februari mwaka huu katika hospitali ya ng'ambo. Ameacha mama, mume, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa idara, ambao wametuomba waondoke mara baada ya maziko, kwa kuwa gati la magharibi, aliloliacha nusu, linamwagwa zege leo kabla maji hayajajaa. Nendeni, angekuwapo angeshawafukuza.

Dada, pumzika kwa amani, kazi tunayo sisi.