Mama Augustine Lotika na Pakiti Zilizokatwa Nusu

Mama Augustine Lotika alizaliwa Yanonge tarehe 14 Julai 1960, wiki mbili baada ya uhuru wa Kongo. Baba yake, Papa Alexis mvuvi, alitaka aitwe Indépendance, yaani Uhuru. Mama yake alikataa, akasema mtoto wa kike ana mizigo ya kutosha.

Alichelewa kuanza shule, kwa kuwa uasi wa 1964 uliikimbiza familia msituni na madarasa yakafungwa. Hata hivyo alimaliza sekondari Kisangani mwaka 1981.

Mwaka 1984 alifunzwa kuwa relais, mhudumu wa afya wa jamii, upande wa uzazi wa mpango. Mafunzo yaliitwa Naissances désirables, uzazi unaotamaniwa, basi wazee wa Yanonge wakamtania kwa jina la Mama Désirable, mama wa kutamaniwa. Alipita vijiji vya mtoni kwa mtumbwi, akifundisha akina mama na kuwagawia vidonge.

Tarehe 6 Septemba 1986 aliolewa na Papa Zuberi Alfani, fundi cherehani wa mtaa wa Makiso, Kisangani. Papa alimshonea mkoba wenye sehemu mbili: juu samaki wakavu, chini vidonge, ili waume wakali wasiulize maswali. Vidonge vilinuka samaki, na hakuna mama aliyelalamika.

Agosti 1998 waasi waliuteka mji wa Kisangani, na meli zilizoleta dawa kutoka Kinshasa zikakoma. Machi 1999 Mama alifika Yanonge katika mvua kubwa, amebaki na pakiti chache za vidonge, na wanawake walikuwa wengi. Hakuweza kumrudisha mtu mikono mitupu. Alichukua mkasi wa Papa Zuberi, akakata kila pakiti katikati, akawagawia wote. Alijua nusu haizuii mimba. Mdogo wake Julie, aliyekuwa ameonywa na daktari asizae tena, naye alipewa nusu, isije ikasemwa Mama anapendelea ndugu. Julie alifariki Yanonge tarehe 11 Januari 2000 akijifungua. Mtoto aliyebaki ndiye mimi, Élise, ninayewasomea.

Mama alinilea na hakunibagua hata siku moja. Lakini hatia ilimla. Alipolazwa mwaka huu wa 2019 kwa ugonjwa wa sukari, aliniambia: “Mwana yangu, kila nikiomba Mungu anisamehe juu ya Julie, iko sawa vile nasema weye haukupaswa kuzaliwa. Donc, niombe nini?” Nilimshika mkono. Alifariki tarehe 3 Machi, alfajiri.

Juzi kwenye matanga alifika Mama Angélique wa Yanonge, mmoja wa waliopewa nusu, pamoja na kijana wake aliyezaliwa mwaka mmoja nami. Nilimwomba msamaha kwa niaba ya marehemu. Akashangaa.

“Tulijua! Ye mwenyewe ndiye alitufundisha, pakiti inamezwa yote. Alors, tumurudishe Mama na aibu, na mvua ile? Tulipokea tu, juu moyo yake itulie.”

Kisha akaanza kulia. “Na hakuna mutu alimwambia. Miaka yote ile! Sasa kosa iko yetu.”

Mama Augustine ameacha mume wake Papa Zuberi, watoto wake Sefu na Nyota, wajukuu watano, mimi, na watoto wengi wa mtoni wa rika langu, ambao baadhi yao wamebeba jeneza hili.

Mama, walijua. Pumzika sasa.