Dinah Nakhungu na Ratiba Iliyosahau Msimu wa Mahindi

Baada ya miaka kumi na tisa katika kiwanda cha serikali cha mahema hapa Kitale, Bi. Dinah Nakhungu anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi 1998. Alitoka Bungoma mwaka 1979 kuja kuwa karani wa kupiga chapa. Anaondoka akiwa mkuu wa mikataba ya nje, yule anayeyaambia majeshi ya nchi jirani yalipie mahema yetu lini na kiasi gani.

Tusimpambe kupita kiasi. Ratiba zake za kwanza za malipo zilikuwa ovyo, na yeye ndiye wa kwanza kukubali. Aliigawa bei ya mkataba sawasawa kwa miezi kumi na miwili, kwa rula na wino mwekundu. Zilipendeza macho, ila hazikulingana kamwe na mahema yaliyotoka.

Mwaka 1987 jeshi moja lilichoka. Lilikuwa limelipia mahema mia tatu na kupokea mia moja na tisini. Likaandika kwamba litavunja mkataba mwisho wa Juni, na wakubwa wakaandaa orodha ya mafundi arobaini wa kuachishwa kazi.

Bi. Dinah alishuka kwenye vyerehani, akakuta nusu ya viti ni vitupu. Ilikuwa Aprili. Fundi Wanjala, aliyekuwa akikusanya vitu vyake, alipoulizwa anakwenda wapi alimjibu bila haya: "Si mvua imekuja, mama? Ati niache shamba nishone hema?" Bi. Dinah alishika kichwa. Yeye mwenyewe huomba likizo kila Aprili aende kupanda mahindi kwao Bokoli! Tunamtania kwa hilo hadi leo.

Akaandika ratiba upya: malipo madogo miezi ya kupanda na kuvuna, makubwa miezi mingine, na hakuna kulipia hema ambalo halijakaguliwa. Akaambatanisha barua ya kukiri kwamba kosa ni lake. Meneja wetu, Bw. Kemboi, alimwonya kwamba barua hiyo ingeweza kumfukuzisha kazi. Bi. Dinah akaitia sahihi hata hivyo.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu: mkataba unaendelea. Tangu hapo majeshi matatu yamenunua kwetu, na hakuna lililolalamika tena.

Ile orodha haikubandikwa. Niliiona miaka mingi baadaye, na jina langu lilikuwa la saba. Mwaka huo mke wangu Nasimiyu alikuwa na mimba ya kwanza.

Asante sana, Mama. Nenda salama, na uzee wako uwe wa raha.

Jotham Mukhisa, Idara ya Ushonaji