Bi Rosenda na Pikoroko Kumi na Wawili Tuliowala

Bi Rosenda Chiguay anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili, baada ya miaka thelathini na minne kama fundi wa matanki katika kituo chetu cha utafiti wa bahari hapa Calbuco. Kamati imeniomba mimi, mkuu wa kituo, niandike wasifu wake. Imekosea. Nusu ya sifa zake zimetokana na makosa yangu, na kosa moja sijawahi kulikiri hadharani.

Binti huyu wa mpiga mbizi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, na tayari alijua mambo ambayo mimi nilisomea miaka tisa Santiago nisiyajue. Pikoroko, mnyama mdogo wa baharini wa ukoo wa kaa, kama ajuavyo kila mla kuranto, mlo wetu wa samaki-ganda wanaopikwa shimoni juu ya mawe ya moto, akiwa mdogo hujigandisha kichwa chini kwenye mwamba, kisha hujijengea ganda la chokaa pande zote. Swali letu lilikuwa: analikuzaje ganda asiloweza kutoka ndani yake?

Nilipohamia hapa, miaka ishirini na moja iliyopita, niliona vipande vyembamba vya ngozi nyeupe vikielea tankini. Papo hapo nikaandika ripoti kwamba pikoroko huvua ganda zima na kujenga jipya. Bi Rosenda aliisoma huku ameshika ndoo. "Daktari, huyo kavua shati tu," akaniambia. "Nyumba hajaihama." Nikamweleza, kwa upole wa mtu mwenye shahada, kwamba sayansi si kubahatisha. Mungu anisamehe.

Tukaamua kupima. Pikoroko kumi na wawili waliogeshwa rangi inayoingia kwenye chokaa, wakaachwa mwaka mzima katika tanki namba nne. Kama mimi ndiye niliyekuwa sahihi, rangi ingepotea pamoja na ganda la zamani. Kama ni yeye, mstari wa rangi ungebaki. Wafadhili nao walikuwa wameshatuandikia: matokeo kabla ya Desemba, la sivyo kituo kifungwe.

Ikaja sikukuu ya taifa, Septemba. Shimo la kuranto limechimbwa, mawe yamewaka moto, na pikoroko wa sokoni hawakuwatosha wageni. Mimi, bwana ukarimu, nikaenda kuchota tankini. Naam, namba nne. Wanasema nilisifu utamu wao mara tatu.

Bi Rosenda alikuwa anamenya kiazi alipoona, chini ya ganda moja sahanini, namba ya jaribio aliyoikwangua kwa mkono wake. "Haondoki mtu hapa mpaka nipate maganda yangu!" akasema. Akapita kila sahani, akainama chini ya kila benchi, akamkimbiza mbwa wa padri hadi gatini. Akarudi na kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa mfukoni mwa meya, aliyetaka kulifanya kisahani cha majivu ya sigara.

Tulipoyakata, mstari ulikuwepo katika yote. Chokaa mpya ilikuwa imeongezwa kwenye ukingo wa chini na upande wa ndani, safu baada ya safu, na ganda likapanuka bila mwenyewe kutoka hata siku moja. Kituo kikapona. Makala ikachapishwa, ikasifiwa, nayo ilikuwa na jina moja tu: langu.

Hilo ndilo sikulikiri. Miaka kumi na tisa nimepongezwa kwa jambo nililolipinga, kisha nikalila. Bi Rosenda hakuwahi kulalamika; kila Septemba aliniuliza tu kama nimeshiba. Nilikuwa naona aibu, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo ilivyozidi.

Wiki iliyopita jarida lilikubali kuchapisha sahihisho. Jina la Bi Rosenda sasa ni la kwanza. Nilimpelekea karatasi penye matanki. Akaisoma mara mbili, akafuta macho kwa aproni. "Umechelewa, baba," akasema, "lakini umefika."

Kuranto ya kumuaga ni Jumamosi, saa saba mchana. Pikoroko wote wametoka sokoni. Tanki namba nne lina kufuli, na kwa kura ya wafanyakazi wote, ufunguo sikupewa mimi.

Ahsante, Bi Rosenda, kwa kutuokoa na njaa yangu. Tunakutakia afya tele, na miaka mingi ya kula pikoroko bila kugeuza ganda kutafuta namba.